Kazi Ngumu ya Kupunguza

Mwaka 1956, mafundi wa kampuni ya Braun mjini Frankfurt, Ujerumani, walikuwa wakihangaika na kelele. Walikuwa wameunganisha redio na gramafoni katika kasha moja, lakini mfuniko wake wa bati ulitetemeka kila sauti ilipopandishwa. Kijana aliyeajiriwa mwaka uliotangulia, Dieter Rams, akashauri bati liondolewe, pawekwe mfuniko wa plastiki angavu. Kelele zikakoma. Ila sasa kila kitu kilikuwa hadharani: sahani ya kuzungushia santuri, mkono wa sindano, vifundo vyote. Washindani wakacheka na kuibandika mashine hiyo jina la "Jeneza la Snow White", kwa kumkumbuka yule binti wa hadithi za Wajerumani aliyelazwa ndani ya jeneza la kioo.

Kicheko hakikudumu. Mfuniko angavu ukaigwa na watengenezaji wa gramafoni kila pembe, na mashine yenyewe, SK 4, imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York.

Ili kuelewa kwa nini watu walicheka, ikumbukwe redio za wakati ule zilivyokuwa. Zilikuwa samani: masanduku mazito ya mbao zilizong'arishwa hadi mtu anajiona uso, kitambaa cha kumetameta mbele ya spika, na vifundo vyenye rangi ya dhahabu. Ilikuwa redio inayojifanya kabati. SK 4, aliyoibuni Rams pamoja na Hans Gugelot wa chuo cha ubunifu cha Ulm, ilikuwa kasha la bati jeupe lenye mbao mbili ubavuni na mianya mbele ya kupitishia sauti. Haikujifanya kitu kingine.

Mtindo huu wa kuondoa kila kisichohitajika ndio unaoitwa minimalizimu. Siku hizi jina hilo linawajia wengi na picha moja tu ya mtandaoni: sebule nyeupe, kochi moja, na jani moja kwenye chupa. Hilo ni ganda. Kuhamisha vitu kutoka sebuleni na kuvirundika stoo si ubunifu, ni kuficha. Swali la maana ni jingine: kitu kinapoondolewa, mzigo kiliokuwa kimeubeba unakwenda kwa nani?

Kwa SK 4 jibu ni jepesi, kwani bati liliondoka na kelele zake. Lakini si kila mara mambo huenda hivyo, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Daktari Edith Farnsworth wa Chicago, Marekani. Alitaka nyumba ya kupumzikia mwisho wa wiki kando ya Mto Fox, huko Plano katika jimbo la Illinois, na kazi akampa Ludwig Mies van der Rohe, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri wa karne ya 20. Nyumba ilikamilika mwaka 1951. Sakafu na paa vimeshikwa na nguzo nane za chuma, vinaonekana kama vinaelea juu ya nyasi, na pande zote nne ni kioo kitupu. Wasanifu wa dunia nzima waliisifu. Mwenye nyumba alikuwa na habari nyingine.

Kiangazi kilipofika, jua liliipika nyumba. Baridi ilipoingia, vioo vilijaa ukungu. Usiku taa zikiwashwa, wadudu wa mtoni waliona mwaliko. Farnsworth alilalamika hata juu ya ndoo ya taka, ambayo hakuweza kuiweka chini ya sinki kwa sababu jiko lote lilionekana na mtu anayekuja kutoka barabarani. Gharama nazo zilikuwa zimepanda, mwenye nyumba na msanifu wakafikishana mahakamani, na msanifu akashinda. Mwaka 1954 mto ukafurika na kuingia ndani. Kuta zilikuwa zimeondolewa, lakini kazi ya ukuta, yaani kuzuia joto, wadudu na macho ya watu, ilibaki palepale, ikamwangukia daktari. Aliiuza nyumba hiyo mwaka 1972. Mwaka 2003 ilipigwa mnada kwa dola milioni 7.5, na leo watu hulipa kiingilio kuitazama. Kuitazama ni raha, bila shaka.

Rams alikwenda njia nyingine, pengine kwa sababu babu yake alikuwa seremala na yeye mwenyewe alijifunza kazi hiyo. Seremala humjua atakayekalia kiti. Rams alizaliwa Wiesbaden mwaka 1932, akawa mkuu wa ubunifu wa Braun mwaka 1961, na alishika kazi hiyo hadi 1995. Kaulimbiu yake ilikuwa kichache, lakini bora, na uzito wake uko kwenye neno la mwisho.

Mfano mzuri ni kikokotoo cha ET 66 cha mwaka 1987, alichokibuni pamoja na Dietrich Lubs. Kinatosha kwenye kiganja na ni cheusi. Vitufe vyake ni vya duara na vimetuna kama pipi, hivyo kidole kinajua kimefika hata jicho likiwa kwenye daftari la hesabu. Vitufe vya namba ni vyeusi, vya kujumlisha na kutoa ni vya kahawia, na kimoja tu, cha alama ya jibu, ni cha njano. Rangi hiyo si pambo, ni kielekezi. iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, kikokotoo chake kilifanana mno na hiki, na Jonathan Ive, aliyekuwa mkuu wa ubunifu wa Apple, hajawahi kuficha anavyomheshimu Rams.

Huko Japani upunguzaji ulianzia sokoni. Mwaka 1980 maduka makubwa ya Seiyu yalitoa bidhaa 40 chini ya jina ambalo leo dunia inalijua kwa kifupi, Muji, likiwa na maana ya bidhaa nzuri zisizo na chapa. Miongoni mwake ulikuwamo uyoga mkavu uliovunjikavunjika. Uyoga wa aina hiyo kwa kawaida huchaguliwa ule mzima wenye umbo zuri, ilhali mpishi atakwenda kuukatakata. Basi kazi ya kuchagua ikafutwa, vifungashio vikarahisishwa, karatasi ikaachwa bila kupaushwa, na bei ikashuka. Huo ni upunguzaji wenye haki: kilichoondolewa kilibaki mfukoni mwa mnunuzi. Kikombe cheupe kinachouzwa ghali kuliko chenye maua, kwa sababu tu hakina maua, ni biashara nyingine kabisa.

Na je, kiti cha plastiki, kile cha harusini, msibani na kwa mama ntilie? Nacho ni mtoto wa ukoo huu. Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti cha namna hiyo mwaka 1972: kipande kimoja, hakina msumari wala gundi, plastiki ya moto inasukumwa kwenye kalibu na kiti kinatoka kizima. Vinabebana hadi kumi na ushee, vinaoshwa kwa maji, na bei yake watu wanaimudu. Mzigo hapa unajitokeza siku mguu unapovunjika. Kiti cha mbao hurudishwa kwa fundi kikabadilishwa mguu. Hiki hakina kiungo cha kufungua. Wapo wanaoshona ufa kwa waya, na wanastahili sifa, lakini vingi huishia jalalani.

Adolf Loos, msanifu majengo wa Vienna, alihubiri mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba nakshi ni kupoteza jasho la mfanyakazi. Hoja ya jasho ina uzito. Dharau yake kwa Wapapua wanaojichora miili haina. Angeletewa mbuzi ya kukunia nazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, angepata taabu. Ni mbao mbili zinazopishana na ulimi wa chuma wenye meno. Ikifunguliwa ni kiti, ni meza ya kazi na ni kifaa chenyewe. Ikikunjwa inasimama nyuma ya mlango. Hakuna cha kupunguza hapo. Hata hivyo nyingi zimechorwa nakshi ubaoni, na tui halijapungua kwa sababu hiyo.

Katika filamu ya mwaka 2018 juu ya maisha ya Rams, mbunifu huyo anasema angepewa nafasi ya kuanza upya asingekuwa mbunifu wa bidhaa, maana duniani vitu visivyohitajika vimezidi. Lakini rafu zake za 606, alizozibuni mwaka 1960 kwa ajili ya kampuni ya Vitsœ, bado zinatengenezwa. Aliyerithi za awali anaweza kuagiza ubao mpya leo, na utaingia mahali pake.