Aliyefunga Huku Amefunga

Ubishi ulizuka barazani baada ya sala ya alasiri, katika kumi la kwanza la Ramadhani. Mwana wa dada yangu, kijana wa miaka 17, alitujia na mpira wa vikapu kwapani, uso umemkunjana kama mtu aliyedaiwa deni asilolijua. Alitoa salamu, akawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akaketi kando yangu.

"Mjomba, mimi timu nimeacha," akasema.

Nikamwuliza kulikoni. Akanipa sababu mbili. Ya kwanza ni saumu: ati mtu hawezi kukimbia uwanjani saa kumi za jioni, koo limekauka, kisha akafaa kitu. Ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa ikimchoma, ni kwamba yeye ndiye afungaye pointi nyingi kuliko wote, lakini wenziwe hawampi mpira kama inavyompasa.

Wazee wakaingia kati. Mmoja alisema mwezi huu ni wa Kurani na tarawehe, mpira na ukae ndani hadi Idi. Mwingine akacheka. Yeye amefanya kazi ya ukuli bandarini miaka mingi, na akauliza, mpira wenyewe ni kitu gani mbele ya gunia la kahawa, na magunia hayo wao waliyabeba wamefunga? Mimi nilinyamaza kwa muda. Nina langu katika jambo hili, na nitalieleza mbele. Nilipofungua kinywa nilimwuliza kijana kama amepata kusikia habari za Hakeem Olajuwon. Alilijua jina tu. Basi nikamsimulia, na masimulizi yenyewe ndiyo haya ninayomletea msomaji.

Hakeem alizaliwa Lagos, Nigeria, mwezi wa Januari 1963, katika nyumba ya Waislamu wa kabila la Wayoruba. Wazazi wake walikuwa wafanya biashara ya saruji. Mchezo wake wa kwanza haukuwa vikapu. Alikuwa kipa wa kandanda, tena mchezaji wa handiboli, na mpira wa vikapu aliushika akiwa kijana mkubwa tayari, kwa umri ambao wenzake wa Marekani huwa wameshaucheza miaka kumi. Mwaka 1980 alipanda ndege kwenda Houston, katika jimbo la Texas, ili chuo kikuu cha huko kikamtazame. Hakuna aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege. Alipopiga simu aliambiwa achukue teksi. Msomaji hebu fikiri: mtu ambaye baadaye jina lake lingejaza viwanja, siku ya kwanza kaambiwa ajilipie nauli!

Mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza mashindano. Akautumia kwa mazoezi. Palikuwa na ukumbi mmoja wa michezo mjini Houston, uitwao Fonde, ambapo wachezaji wakubwa walikwenda kujinoa wakati wa likizo, na mmoja wao alikuwa Moses Malone, ambaye wakati huo alikuwa nguzo ya timu ya Houston Rockets. Malone alikuwa mtu wa kifua na mabega. Alimsukuma kijana huyu, akamkanyaga, akamnyang'anya mipira iliyogonga pete ikarudi, na kesho yake Hakeem alikuwa pale pale tena. Hapakuwa na tiketi wala mtu wa gazeti. Mimi nadhani shule yake ya kweli ilikuwa ile.

Nilipofika hapo kijana wangu akatikisa kichwa, kana kwamba habari za kusukumwa anazijua. Nikamwambia subiri, bado hujasikia lako.

Chuoni Hakeem alifika fainali ya nchi nzima mara mbili. Mwaka 1983 walicheza na North Carolina State, timu ambayo watu wengi hawakuipa nafasi. Pointi zilikuwa sare, 52 kwa 52, zikibaki sekunde chache tu. Mpinzani mmoja akatupa mpira kutoka mbali, ukaangukia kabla ya pete, na Lorenzo Charles akaudaka hewani akautumbukiza. Ikawa 54 kwa 52, mchezo ukaisha. Baada ya hapo waamuzi wa tuzo walimchagua nani kuwa mchezaji bora wa mashindano yale? Hakeem, mtu wa timu iliyoshindwa! Mwaka uliofuata walifika fainali tena, wakashindwa na Georgetown.

"Sasa niambie," nikamwuliza kijana, "tuzo ile aliipeleka wapi?"

Hakujibu.

Mwaka 1984 timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wapya, Houston Rockets walimchukua Hakeem wa kwanza kabisa. Michael Jordan, ambaye sote tunamjua, alichaguliwa wa tatu. Hakeem akaanza kufunga pointi kama mvua. Lakini alikuwa na hasira za karibu. Mwezi wa Mei 1986, katika mechi ya tano dhidi ya Los Angeles Lakers, alipigana na Mitch Kupchak, wakatolewa nje wote wawili. Mechi ikabaki kwa wenzake. Sekunde ya mwisho Ralph Sampson aliurusha mpira huku akijigeuza, ukaingia, Rockets wakashinda 114 kwa 112 na kwenda fainali, yeye mwenyewe akiwa hayumo uwanjani. Fainali ile walishindwa na Boston Celtics, mechi nne kwa mbili.

Ikapita miaka minane bila ya kufika fainali tena. Katika miaka hiyo alifanya maajabu. Mwezi wa Machi 1990, katika mechi moja dhidi ya Milwaukee, alifunga pointi 18, akadaka mipira 16 iliyorudi, akatoa pasi 10 za kufungisha na kuzuia mitupo 11. Wanaoujua mchezo huu watakwambia ni watu wa kuhesabika kwa vidole waliowahi kufanya hivyo. Na bado, kombe hakuna.

Mambo mawili yalibadilika, nami siwezi kuyatenganisha. La kwanza ni dini. Hakeem aliurudia Uislamu wake kwa bidii, na mwaka 1991 akaliandika jina lake sawasawa, kwani Wamarekani walikuwa wakiliandika Akeem, bila ya herufi ya mwanzo. Zile ghasia uwanjani zikapungua. La pili ni pasi. Mchezaji akishakuwa hatari, wapinzani humpelekea walinzi wawili, wakati mwingine watatu. Zamani Hakeem alijaribu kuwapita wote. Chini ya kocha Rudy Tomjanovich, aliyeshika timu mwaka 1992, alijifunza hesabu ambayo mtoto wa chuoni angeiweza: ikiwa wawili wamemzunguka mmoja, basi mahali fulani uwanjani kuna mwenzake aliye peke yake. Msimu wake wa kwanza alitoa pasi za kufungisha 1.4 kwa mechi. Msimu wa 1993-94 zilifika 3.6. Tarakimu hizi ni ndogo kwa macho, lakini nyuma yake kuna kina Kenny Smith, Robert Horry, Mario Elie na Sam Cassell, waliojua kwamba wakisimama pahala pao mpira utawafikia.

Msimu huo alitangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Siku ya kukabidhiwa tuzo aliwaita wenzake waje waipokee pamoja naye. Kisha wakaingia fainali na New York Knicks. Mechi ya sita, Rockets wakiwa nyuma mechi tatu kwa mbili, walikuwa wakiongoza 86 kwa 84, sekunde zinakwisha, na John Starks akainuka kurusha mtupo wa pointi tatu ambao ungewapa Knicks ubingwa. Hakeem akamrukia na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Ncha za vidole tu! Haukufika. Mechi ya saba Rockets walishinda 90 kwa 84, na huo ukawa ubingwa wao wa kwanza.

Sasa tuje kwenye saumu. Mwaka 1995 Ramadhani iliangukia tarehe 1 Februari, katikati ya msimu. Hakeem alifunga. Kiswahili chetu nacho kina mizaha yake, maana mtu aliyefunga ndiye huyo huyo aliyekuwa akifunga: mwezi ule alitia wastani wa pointi 29.5 kwa mechi, na ligi ikamtangaza mchezaji bora wa mwezi wa Februari. Nisimdanganye msomaji, mechi nyingi za kule huchezwa usiku, naye huwa amekwisha futuru. Lakini mazoezi ni ya mchana, na zipo mechi za mchana pia, hasa Jumapili, ambazo mtu hucheza bila ya tone la maji huku wenzake wakipokezana chupa kwenye benchi. Alikuwa akila daku, akianza na tende na maji mengi, basi hadi magharibi.

Hapo ndipo langu linapoingia. Mimi pia nilikuwa kipa, wa kandanda ya mtaa, wala jina langu halikuvuka barabara. Ramadhani moja tulikuwa na mechi ya jioni. Jua lilikuwa kali, nami nikajitenga nyuma ya ukuta palipokuwa na bomba, nikanywa. Nilikunywa hadi tumbo likacheza. Kisha nikarudi golini kati ya vijana kumi waliofunga, nikafungwa mabao matatu, na wao ndio walionipooza: ati pole, ni saumu, kila mtu leo hana nguvu. Neno hilo bado ninalisikia. Kwa baba yangu nilifutari kama wengine, nikaomba dua kama wengine. Siku ile nimekwisha ilipa, lakini wale kumi sikuwaambia kamwe, na baadhi yao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Niliyasema haya barazani kwa mara ya kwanza. Yule mzee wa bandarini aliangalia tasbihi yake. Kijana akanitazama kwa namna ambayo hajapata kunitazama.

Sikumwambia acheze wala aache. Mambo ya ruhusa na udhuru yana mashekhe wake. Lakini hoja yake ya wenzake wasiompa mpira sikuiacha ipite. Nilimwuliza, mechi ya mwisho alipozungukwa na wawili, yule wa tatu alikuwa wapi? Akafikiri. Akasema alikuwa kona ya kushoto, amenyoosha mikono. Nikamwuliza jina lake. Akalitaja kwa sauti ndogo.

Kuna jambo moja zaidi la Hakeem lililomshika kijana kuliko makombe. Mwaka huo huo wa 1995 Rockets walichukua ubingwa tena, wakiwafunga Orlando Magic ya Shaquille O'Neal mechi nne kwa bila, Hakeem ana miaka 32 na O'Neal 23. Alistaafu mwaka 2002. Silaha yake kubwa ilikuwa miguu: hatua za kumhadaa mlinzi, kuonyesha kulia na kwenda kushoto, ambazo amesema zinatokana na kandanda na handiboli ya Lagos. Siri kama hiyo mtu angeifungia sandukuni. Yeye amewafundisha wengine. Kobe Bryant alimwendea mwaka 2009. LeBron James alimwendea mwaka 2011, baada ya kushindwa fainali, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wake wa kwanza.

"Mjomba," kijana akauliza, "hizo hatua zenyewe zikoje?"

Nikainuka. Goti langu lilipiga kelele, na wazee wakaanza kucheka kabla sijafanya lolote. Nikashika kikoi kwa mkono mmoja, nikamwonyesha namna kipa anavyomsoma mpigaji: bega huku, kiuno kule, uzito kwenye mguu ambao hautauinua. Alinifuatisha mara mbili, mpira mkononi, akakosea, akarudia. Mara ya nne tukasikia mwadhini akikohoa kwenye kipaza sauti, na mtoto mmoja akatoka ndani na sinia ya tende.