Aniceti Kitereza: Mwanaseminari Aliyegeuka Mwandishi wa Riwaya

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa Abasilanga, watawala wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria nchini Tanzania. Utotoni alilelewa katika ikulu ya Omukama, yaani mfalme, akisikia simulizi za wazee. Baadaye alisomeshwa na Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, huko Kagunguli. Mwaka 1909 aliingia Seminari ya Rubya, Kagera, ambako kwa takriban miaka kumi alisoma Kilatini, falsafa na teolojia.

Upadri hakuufikia. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Alifanya kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara, kisha akarudi Kagunguli kuitumikia misheni kama katekista na mfasiri. Watoto wao walifariki wakiwa wadogo. Kwa desturi za wakati ule, ndugu wangetarajia mume wa namna hiyo aongeze mke, lakini Kitereza alibaki na Anna.

Msiba huo unasikika katika riwaya aliyoikamilisha mwaka 1945 kwa Kikerewe, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Wahusika wakuu ni mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamtukana Bugonoka, na wazazi wake wanamchukua kumrudisha kwao. Myombekere anakwenda kuomba radhi, naye anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Hapo msomaji anaonyeshwa kazi yenyewe: ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa na kuchachushwa, na majirani wanavyoitana kusaidia. Baadaye mganga anamtibu Bugonoka kwa dawa za miti, na wanazaliwa watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali.

Ajabu ni kwamba katekista huyu hakuandika mahubiri. Hadithi inatokea kabla ya wageni wa Ulaya kufika, na waganga, mizimu na miiko vimeelezwa bila kubezwa. Seminari ilimpa kalamu na uvumilivu wa kazi ndefu; mambo ya kuandika aliyapata kwa wazee wa Ukerewe.

Kuchapisha ndiko kulikomtesa. Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyemhimiza kuandika, alijitahidi kuutafutia mswada njia, lakini wachapishaji hawakuona soko la kitabu cha lugha yenye wasemaji wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti Gerald na Charlotte Hartwig kutoka Marekani walikutana naye Ukerewe na kuufufua mpango huo. Kitereza, akiwa mzee, aliifasiri riwaya yote kwa Kiswahili kwa mkono wake. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, lakini mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Baadaye kitabu kilifasiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe.

Habari hizi zinawahusu sana wasomaji wa Arua na Koboko, katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kilugbara na Kikakwa, lugha za huko, vina hazina kubwa ya ngano na methali, na vyote viwili vinavuka mipaka ya Uganda. Kama Ukerewe, West Nile nayo imepata wasomi wake wengi wa mwanzo kupitia misheni, zikiwemo Ediofe ya Wakatoliki na Mvara ya Waanglikana. Kiswahili nacho si kigeni: kinasikika sokoni, kambini na kwa madereva wa malori yaendayo Kongo na Sudan Kusini. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Basi makatekista, walimu na wanaseminari wa West Nile wasiogope udogo wa lugha zao. Waandike kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha wafasiri wenyewe kwa Kiswahili, na shule na makanisa yao yawasaidie kuchapisha wangali hai.