Sanamu, Kinyago na Kigae: Majina ya Vitu Vinavyofukuliwa

Mfanyakazi wa Mwadui hufunzwa kutambua kitu kimoja katika udongo. Tangu John Williamson alipoanzisha mgodi huo mwaka 1940, changarawe nyingi mno zimeoshwa na kuchekechwa humo kwa ajili ya almasi, na kisichokuwa almasi hutupwa. Mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Geita naye hatendi vingine. Hata hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa wenye mamlaka. Sheria hiyo ilitungwa kwa Kiingereza. Afisa anayetakiwa kuwaeleza wananchi hujikuta akitumia "vifaa", "mabaki", "sanamu" na "vinyago" pasipo mpaka, na msikilizaji haelewi kama kigae alichokikuta shimoni kimo katika sheria au hakimo.

Tuanze na sanamu. Katika Kiarabu, asili yake, neno hili hutaja kitu kinachoabudiwa. Kiswahili kimelipanua likahusu umbo lolote la mtu au mnyama, na hakuna apitaye penye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, akadhani kuwa inaabudiwa. Kwa hiyo wanaolikwepa neno hili kwa hofu ya harufu ya ibada hawana sababu. Tatizo lipo kwenye jina la sanaa yenyewe, ambayo vitabu vingi vya shule huiita "uchongaji". Askari yule ni wa shaba nyeusi: alisubiwa katika kalibu, hakuchongwa. Vivyo hivyo kile kichwa mashuhuri kilichofukuliwa mwaka 1929 Luzira, karibu na Kampala, ambacho kimehifadhiwa London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, kilifinyangwa kwa udongo, kikachomwa. Kuchonga, kufinyanga na kusubu ni kazi tatu zenye mafundi tofauti, na Kiswahili kimezitenga tangu zamani. Afadhali basi tuseme "sanaa ya sanamu", na uchongaji ubaki kuwa tawi lake.

Kinyago ni neno la ngoma na jando, na la mchongaji wa Kimakonde. Kuandika "vinyago vya Wagiriki" ni kumpotosha mwanafunzi.

Ugumu zaidi umo katika jina la jumla la kila kilichotengenezwa na mkono wa mtu. "Kifaa" hudai manufaa. Warongo, wahunzi mashuhuri wa Uzinza na Geita, waliyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa hadi Usukuma. Jembe ni kifaa bila shaka, lakini mavi ya chuma yaliyoachwa penye tanuri je? Hayakumfaa mtu, ila ndiyo yanayomwonyesha mwanaakiolojia mahali pa kazi. Kigae nacho si chombo tena. Hata hivyo vigae vya vyungu vya Urewe, vyenye kibonyeo kitakoni, ndivyo vilivyosaidia kuwatambua wafua chuma wa mwanzo waliokaa kandokando ya Ziwa Viktoria. Tunapendekeza "kiunde", wingi "viunde". Kama kuumba kulivyotupa kiumbe, kuunda kutupe kiunde. Watakaonung'unika kwamba kuunda ni neno la mafundi wa majahazi wakumbuke kwamba siku hizi huundwa hata kamati.

Kisukuku kisichanganywe na kiunde, kwani hakuna mkono wa mtu ndani yake, ingawa sheria imeviweka pamoja miongoni mwa vitu vya kutolewa taarifa. "Malikale" litufae kwa vyote.

Limebaki neno "kale". Kwa msemaji wa kawaida ni zama za babu. Kwa sheria, kiunde hicho kiwe kimetengenezwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 imetengewa kundi lake. Mfasiri asiache mwaka ukapotea ndani ya sifa. Tangazo la mgodini laweza kuandikwa hivi: "Ukikuta kigae, zana ya jiwe, mavi ya chuma, sanamu au kisukuku, usikitupe, toa taarifa. Ikiwa huna hakika kama ni cha kabla ya mwaka 1863, toa taarifa vilevile."