Kioo Kisichokatwa: Ubadilishaji wa Kioo cha Mlango wa Gari la Umeme katika Mazingira ya Kigoma

Utangulizi

Kubadilisha kioo cha mlango wa gari kilichovunjika huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi ndogo za gereji. Katika mji kama Kigoma, ambako fundi vioo hukata kioo cha dirisha la nyumba, cha kabati la duka na cha fremu ya picha kwa kipimo anacholetewa na mteja, ni rahisi kudhani kwamba kioo cha gari nacho kitapimwa na kukatwa vivyo hivyo. Makala hii inafafanua kwa nini dhana hiyo si sahihi, ni hatari gani hufuata pale inapotekelezwa, na ni mambo gani hubadilika gari linapokuwa la umeme. Hoja inayojengwa ni kwamba ugumu wa kazi hii hautokani hasa na umeme, ingawa umeme ndio unaotisha wengi. Unatokana na kioo chenyewe. Na neno moja la Kiswahili linalobeba vioo vya kila namna husaidia kuuficha ugumu huo.

Gari la umeme linaloelekea kuifikia miji ya pembezoni mapema ni mtumba wa Kijapani, hususan Nissan Leaf, aina iliyoanza kuuzwa Desemba 2010. Jijini Nairobi, huduma ya teksi ya Nopea Ride ilianza kutumia magari hayo mwaka 2018. Kwa sababu hiyo mifano mingi katika makala hii inaegemea gari la namna hiyo, na magari mengine yanatajwa pale tu yanapotofautiana nalo kwa jambo la maana.

Neno kioo na utata wake

Katika Kiswahili, kioo ni kile anachojitazama mtu asubuhi, ni kile kinachopitisha mwanga dirishani, na ni uso wa televisheni au simu. Katika mazungumzo ya kawaida upana huo haumkwazi yeyote, kwa kuwa muktadha huondoa utata. Gereji ni mahali pengine. Mteja akisema “kioo cha pembeni” anaweza kuwa anamaanisha kioo cha mlango, au kile cha kutazamia nyuma ambacho mafundi wengi hukiita saitimira. Akiwa mbele ya gari atanyoosha kidole na jambo likaisha. Akiwa Kigoma na muuza spea akiwa Kariakoo, hakuna kidole cha kunyoosha, na mzigo usio sahihi unaweza kusafiri zaidi ya kilometa 1,200 kabla kosa halijajulikana. Kwa hiyo agizo linalofaa hutaja mlango, upande na namba ya chesisi: kioo cha mlango wa mbele, kulia, upande ukihesabiwa kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele. Milango mingi ina pia kioo kidogo kisichoshuka, na hicho huagizwa peke yake.

Utata mkubwa zaidi, hata hivyo, haumo katika mahali kioo kilipo bali katika maumbile yake. Kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, kioo kilichokazwa kwa joto, na kioo cha tabaka ni vitu vitatu vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kabisa katika kuvunjika. Kiswahili cha mtaani huviita vyote kioo.

Maumbile ya kioo cha mlango

Kioo kilichokazwa hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 620 au zaidi za selsiasi, kisha hupulizwa upepo mkali pande zote mbili kwa ghafla. Uso hupoa na kuganda kwanza; kiini hubaki na joto, na kinapopoa baadaye hujaribu kusinyaa huku kikizuiwa na uso uliokwisha kuganda. Matokeo yake ni uso ulio katika mkandamizo wa kudumu na kiini kilicho katika mvutano wa kudumu. Ufa hauwezi kuanza kirahisi mahali palipokandamizwa, na ndiyo maana kioo hiki huwa na nguvu takriban mara nne au tano ya kioo cha kawaida chenye unene uleule. Lakini mkwaruzo ukipenya uso na kugusa kiini, mvutano wote uliofungiwa humo huachiliwa kwa mara moja, na kioo kizima husambaratika kuwa punje ndogo zenye kingo butu kiasi. Mfaransa François Royer de la Bastie alisajili njia ya kukaza kioo mnamo mwaka 1874, akitumia mafuta ya moto badala ya upepo.

Hapo ndipo kisu cha fundi vioo kinapokoma. Kisu hicho hufanya kazi kwa kuchora mstari dhaifu ambao kioo kitaufuata kikikunjwa. Kioo kilichokazwa hakiufuati mstari, kinapasuka chote. Umbo, matundu ya bolti na ulaini wa kingo lazima vikamilishwe kiwandani kabla ya kioo kuingia tanuri. Aidha, kioo cha mlango si bapa. Kimepinda ili kifuate ubavu wa gari na kushuka ndani ya mlango bila kukwama.

Fundi anayeombwa kusaidia mteja aliyekwama hubaki na njia tatu, na zote hutumika. Ya kwanza ni nailoni na gundi ya utepe, ambayo angalau haimdanganyi mtu. Kila aionaye anajua kuwa ni ya muda. Ya pili ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ambayo hupata mikwaruzo haraka kwa vumbi na kupunguza uoni, hasa usiku taa za gari lijalo zinapoipiga. Ya tatu ni kukata kioo cha kawaida kwa umbo la mlango na kukipachika kisishuke. Hii ndiyo inayovutia zaidi kwa kuwa huonekana safi, na ndiyo mbaya kupita zote. Kioo cha kawaida huvunjika katika vipande virefu vyenye ncha, na katika mlango wa gari vipande hivyo huwa karibu na shingo na uso wa abiria. Mteja hulipia kitu kinachofanana na kile alichokipoteza, na tofauti hujitokeza siku ya ajali tu. Ni vigumu kumlaumu fundi aliyeelekezwa na neno lilelile moja. Lakini mteja ana haki ya kuambiwa tofauti hiyo kabla ya kulipa.

Katika historia ya Kigoma upo mfano unaoifafanua hali hii vizuri. Meli ijulikanayo leo kama Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa katika makasha hadi Dar es Salaam na kutoka huko kwa reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Iliunganishwa ufukweni na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927. Kazi ya ufukweni ilikuwa kuunganisha na kukarabati. Bati lilikwishapata umbo lake kwingine. Bati la meli, hata hivyo, linaweza kukatwa na kuzibwa kiraka popote penye fundi na moto. Kioo kilichokazwa hakikubali kiraka.

Mahali umeme unapoingia

Betri kuu ya Leaf imelazwa chini ya sakafu na hubeba umeme wa mkondo mnyoofu wenye volti zipatazo 360, kiasi cha kuua. Nyaya zake zina ganda la rangi ya chungwa, alama inayotumiwa na watengenezaji wengi, na hazipiti mlangoni. Mota ya kioo, kitasa na spika hutumia betri ndogo ya volti 12 kama ilivyo kwa gari la petroli. Fundi aliyezoea milango ya magari ya Kijapani ataikuta kazi anayoifahamu, na hofu kwamba mlango wa gari la umeme unaweza kumrusha haina msingi.

Yapo lakini mambo matatu ambayo hayafanani. Kwanza, gari la umeme likiwa limewashwa halitoi sauti. Katika gari la petroli mngurumo humwonya fundi. Hapa, mkono ukigusa kiteuzi cha gia kwa bahati mbaya gari laweza kusogea huku mlango ukiwa wazi na mtu ameinama. Kuzima kabisa, kuweka ufunguo mbali na gari na kutenganisha ncha hasi ya betri ndogo si urasimu. Baada ya kutenganisha, husubiriwa dakika kadhaa ili mfumo wa mifuko ya hewa upoteze chaji yake, kwa kuwa baadhi ya magari huwa na kihisi ndani ya mlango ambacho hupima mgandamizo wa hewa mlango unapobonyezwa na mgongano.

Pili, ukimya huohuo wa mota huifanya sauti ya upepo isikike zaidi, na kwa sababu hiyo watengenezaji kadhaa wameweka kioo cha tabaka katika milango ya mbele: vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki. Tesla Model 3 ilianza kupata kioo hicho kwa matoleo ya mwaka 2021. Milango ya gari hilo haina fremu juu ya kioo, na kioo hushuka kidogo kila mlango unapofunguliwa ili kiachane na raba. Betri ndogo ikifa, kioo hakishuki, na kuuvuta mlango kwa nguvu kunaweza kukivunja.

Tatu, kiyoyozi hula betri ileile inayolisogeza gari. Mlango usio na kioo katika joto la kando ya ziwa si kero tu, bali ni upungufu wa umbali ambao dereva anaweza kuufikia kabla ya kuchaji.

Kazi yenyewe

Punje nyingi za kioo huangukia ndani ya mlango, si kitini. Paneli ikishafunguliwa kwa uangalifu wa klipu zake, hukutwa karatasi ya nailoni iliyobandikwa kuzuia maji. Karatasi hii huchanwa na kutupwa mara nyingi, ilhali ndiyo inayozuia mvua inayopita kwenye raba isiingie chumbani. Na katika magari yenye kihisi cha mgandamizo, mlango usiozibwa vizuri huweza kukipotosha. Ibanduliwe polepole, na ikichanika ibadilishwe. Kisha punje zote zitolewe kwa mashine ya kufyonza au kwa mkono wenye glavu, hasa sehemu ya chini yenye matundu ya kutolea maji. Matundu yakiziba, maji ya masika hukaa mlangoni, na kutu huanza mahali pasipoonekana. Mfereji wa raba ambamo kioo hupanda nao usafishwe, kwani punje moja iliyobaki humo itakikwaruza kioo kipya.

Kioo kipya hushushwa kwa pembe, hufungwa kwenye mashine ya kioo kwa bolti au vibanio bila kukazwa kupita kiasi, na hupandishwa mara ya kwanza taratibu huku kikiongozwa kwa viganja. Udhaifu wake umo ukingoni. Kwa sababu hiyohiyo husafirishwa kikiwa kimesimamishwa na kingo zake kufunikwa, kamwe si kulazwa chini ya mizigo ya basi. Kioo cha mtumba kutoka gari lililochinjwa kinafaa kabisa, kwa kuwa ukazaji hauishi kwa umri. Kinachotazamwa ni mikwaruzo mirefu na ukingo uliomeguka.

Kutambua aina ya kioo kabla ya kulipa hakuhitaji maabara. Ukingo wa kioo cha tabaka huonyesha mstari katikati ya unene wake. Kilichokazwa, kikitazamwa kwa miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi, aghalabu huonyesha madoa au mistari iliyoachwa na upepo wa kiwandani. Pembeni pa kioo huwa na mhuri. Vioo vinavyofuata Kanuni Namba 43 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na maandishi 43R.

Swali la aina gani iwekwe lina uzito wa pekee mahali ambapo barabara na maji vimekaribiana. Kioo cha tabaka humzuia abiria asirushwe nje na humchelewesha mwizi, lakini humzuia pia aliyenaswa ndani. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilijaribu vifaa sita vya kuvunjia vioo wakati wa dharura: vinne vilivunja kioo kilichokazwa, na hakuna hata kimoja kilichovunja kioo cha tabaka. Hivyo, gari lililotoka kiwandani na kioo kilichokazwa lirudishiwe kilichokazwa, na lenye tabaka lirudishiwe tabaka; na mwenye gari lenye tabaka milango ya mbele ajue ni kioo kipi kinachoweza kuvunjika, kwa kawaida cha nyuma.

Betri ndogo ikisharudishwa, kioo kinaweza kupoteza kumbukumbu ya mwisho wa njia yake na kukataa kupanda chenyewe. Katika magari mengi dawa ni kukipandisha hadi juu na kuendelea kushikilia swichi kwa sekunde chache, ingawa kila mtengenezaji ana utaratibu wake. Baada ya hapo, kabla ya paneli kufungwa, humwagwa ndoo ya maji juu ya kioo kilichofungwa, na maji yanapaswa kuonekana yakitoka chini ya mlango.