Msimamizi wa mirathi alete hesabu

"Wakili, mirathi alipewa baba mdogo. Sisi watoto tunabaki na nini?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, kiasi kwamba siku hizi naanza kulijibu kabla muulizaji hajavuta kiti. Mara ya mwisho aliyeuliza ni kijana ambaye baba yake alifariki kwenye ajali ya basi, barabara ya Morogoro. Ukoo ulikaa, ukampendekeza baba mdogo, mahakama ya mwanzo ikamteua. Fidia ya bima ikatoka, baba mdogo akanunua gari aina ya Noah. Kijana hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza, kwa adabu kabisa, kama sheria inawaruhusu watoto kuomba angalau sehemu ya hesabu ya kila siku inayoletwa na dereva wa ile Noah.

Baba mdogo hakupewa mirathi. Alipewa kazi.

Lawama naanza kuipeleka kwenye midomo yetu wenyewe. Mtu akiteuliwa kuwa msimamizi tunasema "amepewa mirathi", na tukishayarudia maneno hayo msiba mzima, tunayaamini. Hadi arobaini inafika, msimamizi ameshakuwa mrithi, na warithi wameshakuwa waombaji. Nimeona mjane anaomba ada ya shule ya wanawe kwa shemeji yake, kutoka kwenye pesa za mume wake mwenyewe, na kushukuru juu.

Fikiria konda wa daladala. Nauli ya gari zima iko mkononi mwake, hakuna abiria anayempa bosi. Je, pesa ni zake? Jioni analeta hesabu. Msimamizi naye ni hivyo hivyo: Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inamtaka akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, kinachobaki agawe kwa warithi, halafu arudi mahakamani kueleza alivyofanya. Gharama halali za kazi hiyo atarudishiwa. Kama yeye mwenyewe ni mrithi, tuseme ni mjane au mtoto, atapata fungu lake kwa sababu ni mjane au mtoto. Usimamizi haumwongezei hata shilingi.

Hapo ndipo huwa naletewa ushahidi. "Mbona hati ya nyumba sasa ina jina lake?" Isome mpaka mwisho: ameandikwa kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, na maneno hayo hayakuwekwa kwa mapambo. "Mbona ndiye peke yake anayeruhusiwa kushtaki kwa niaba ya marehemu?" Kwa sababu mahakama haiwezi kuwasikiliza watoto tisa wakidai deni moja kwa nyakati tisa. "Mbona ameuza kiwanja bila saini zetu?" Hili linawaudhi wengi nikilisema, lakini ndiyo sheria: halazimiki kupata saini ya kila mrithi kabla ya kuuza. Anaweza kuuza ili alipe madeni, au ili agawe kile kisichogawanyika. Kuuza anaweza. Kula hawezi.

Na muhtasari wa kikao cha ukoo, ule wenye mhuri wa mtendaji, ambao watu huutunza kuliko cheti cha ndoa? Kikao hicho ni desturi inayoisaidia mahakama kujua familia inamtaka nani. Hakimtengenezi mrithi, wala hakimfuti. Kikiandika kwamba "watoto wa nje hawatambuliwi" au kwamba "mali zote zitakuwa chini ya kaka mkubwa", kimeandika maoni ya waliohudhuria.

Turudi kwenye Noah, maana kosa la baba mdogo ni mara mbili. Mtu akifa ajalini kuna madai ya aina mbili. Kuna yale aliyokuwa nayo marehemu mwenyewe, ambayo yanaingia kwenye mirathi na kugawanywa kama mali nyingine. Kuna pia fidia chini ya sheria ya vifo vya ajali, Sura ya 310, ambayo ni ya wale waliopoteza riziki aliyokuwa akiwapa marehemu, mke na watoto wakiwa mbele kabisa, na kila mmoja ana fungu lake. Pesa hii ya pili haimo hata kwenye mirathi. Baba mdogo mwenye duka lake Mbagala hakuwa akilishwa na marehemu. Alichofanya ni kusaini kwa niaba ya wengine.

Sasa cha kufanya, upesi upesi. Msimamizi wa mahakama ya mwanzo anatakiwa kuwasilisha Fomu Namba 5, yaani orodha ya mali na madeni, ndani ya miezi 4 labda aongezewe muda, kisha hesabu kwenye Fomu Namba 6; kwenye mahakama za juu orodha ni miezi 6, hesabu mwaka 1. Hajawasilisha? Rudi mahakama ileile iliyomteua, omba aitwe, na ikibidi omba uteuzi wake ufutwe. Kuna nyumba inanukia kuuzwa kijanja? Weka zuio kwa Msajili wa Hati leo. Na kama wewe ni majeruhi wa ajali, tunza fomu ya polisi PF3, risiti za hospitali, taarifa ya polisi, mchoro wa ajali, namba ya gari na jina la kampuni ya bima, shauri la madhara lina ukomo wa miaka 3, na usisaini karatasi ya "nimemaliza madai yangu yote" ukiwa bado na chuma mguuni. Wewe uliye hai andika wosia, mtaje msimamizi unayemwamini, mashahidi wasiwe wanaonufaika, nakala ipeleke RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia. Kama ni Mwislamu, kumbuka wosia usizidi theluthi ya mali.

Na wewe kijana wa barabara ya Morogoro: acha kuulizia hesabu ya Noah. Jumatatu asubuhi nenda masjala ya mahakama, taja jina la baba yako, chukua namba ya shauri, omba kuiona Fomu Namba 5. Baba mdogo ana miezi kumi na moja tangu ateuliwe.