Neno "Alcohol" Lilikuwa Jina la Wanja

Katika karatasi ya chupa ya bia, katika dawa ya kusafishia jeraha, na ubavuni mwa pipa la kiwandani, mtu aweza kulisoma neno moja la Kiingereza: "alcohol". Wengi hulidhania kuwa ni la Waingereza wenyewe. Sivyo. Walilirithi kwa watu wengine, na safari yake ilianza mbali sana na pombe.

Kwa Kiarabu "al-kuhl" ni wanja, yaani jiwe jeusi lenye kung'aa, lililosagwa hata likawa laini kupita unga, la kupaka machoni. Watu wa pwani waujua vema, nao huuita wanja wa manga, kwa kuwa Manga ni Arabuni. Ile "al" ya mwanzo ni neno dogo tu ambalo Waarabu hulitanguliza mbele ya majina. Lakini wanachuoni wa Ulaya waliofasiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini walivichukua vyote viwili, kama mtu anunuaye kuku pamoja na tenga lake.

Huko Ulaya maana ikaanza kupanuka. Kwanza ilikuwa unga wa wanja. Kisha unga wo wote ulio laini kabisa. Halafu kiini cha kitu cho chote kilichotolewa takataka zake. Mganga Paracelsus, aliyefariki mwaka 1541, alitaja "alcohol vini", maana yake kiini cha divai. Kiini hicho hupatikana kwa moto. Kileo huchemka kwenye joto la digrii 78, hali maji hungoja hadi 100. Basi mvuke utokao mapema hubeba kileo kingi, nao ukipozwa hugeuka kuwa maji makali. Aliyekwisha kuona chang'aa ikitoneka ameiona kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1755, Samuel Johnson alipotoa kamusi yake ya Kiingereza, alizitia maana zote mbili, unga na kileo. Baadaye ule unga ukasahauliwa. Waarabu nao wakalipokea neno lao likiwa limebadilika, na leo kileo huitwa kwao "kuhul". Wako wasemao kwamba asili yake ni "ghul", yaani zimwi linyakualo akili za watu. Ni hadithi ya kupendeza, ila historia ya neno yaelekea kwenye wanja.

Kama mambo yangeishia hapo, neno hili lisingemdhuru mtu. Lakini mwaka 1834 wataalamu wawili wa Ufaransa, Dumas na Péligot, walionyesha ya kuwa maji makali yapatikanayo kwa kuchoma kuni ndani ya chombo kilichofungwa ni ya jamaa moja na kileo cha divai. Tangu hapo "alcohol" likawa jina la ukoo mzima. Kileo cha bia na divai ni ethanoli. Kile cha kuni ni methanoli, itumikayo viwandani. Zote mbili hazina rangi, na harufu zao hukaribiana. Ulimi hauwezi kuzitenganisha, hata ulimi wa mlevi mzoefu.

Methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya namna ile iliyopatikana zamani kutoka kwa sisimizi. Asidi hiyo hushambulia mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo. Vijiko viwili vidogo vya methanoli tupu vyaweza kumpofusha mtu. Basi neno lililokuwa la kupamba macho sasa lahusu pia kitu kiyaharibucho.

Pombe ya mtama au mahindi iliyochachushwa kwa kawaida huwa na methanoli kidogo mno. Hatari kubwa huja pale mwuzaji, kwa kutaka ukali upesi na faida nyingi, anapoimimina kutoka pipa la kiwandani. Mwezi Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mwezi Mei 2014 watu wengine wengi walikufa, wakiwamo wa Embu na Kiambu.

Mtu aliyekunywa methanoli huonekana kama mlevi wa kawaida tu. Huenda akalala akaamka, na saa kumi na mbili au zaidi zikapita, kabla hajaumwa kichwa na tumbo, kutapika, na kuona ukungu mweupe mbele ya macho. Kumwacha alale hadi pombe imtoke ni kumpoteza. Apelekwe hospitali mara moja. Huko, kama dawa maalumu iitwayo fomepizoli haipo, daktari aweza kumpa ethanoli safi kwa kipimo, kwa kuwa ini hushughulika na ethanoli kwanza, na methanoli hutoka polepole pasipo kugeuzwa sumu.