Mukau na wenzake: miti ya kienyeji kwa mbao na kwa wanyama Ukambani

Katika kaunti za Kitui na Makueni, ambako mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa na ile ya Machi hadi Mei mara nyingi humwacha mkulima mikono mitupu, kuchagua mti wa kupanda ni uamuzi wa miaka kumi na zaidi, na kosa lake halirekebishwi kwa msimu mmoja. Tangu serikali ya Kenya itangaze mwishoni mwa 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, mazungumzo mengi yamehusu idadi, ilhali kwa nchi kame swali lenye uzito zaidi ni mti upi unapandwa, mahali gani, na utamlisha nani kiangazi kikikaza.

Kwa upande wa mbao, mti wa kienyeji unaostahili kutajwa kwanza ni mukau, ambao wataalamu huuita Melia volkensii na ambao ni wa ukoo mmoja na mwarobaini. Mbao zake nyekundu hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa, hupasuka vizuri, na mti wenyewe unaweza kuvunwa baada ya miaka 10 hadi 15 mahali ambapo mgrevilea ulioletwa kutoka Australia hudumaa kwa kukosa maji. Wakamba waliujua ubora huo zamani, kwani magogo yake ndiyo waliyoyachonga myatu, yaani mizinga ya nyuki, na majani yake, ambayo huchipua kabla ya mvua kunyesha, waliyakata kuwalisha mbuzi wakati nyasi zimekwisha.

Kilichouchelewesha mukau kuenea mashambani ni mbegu yake. Tunda lina kokwa gumu kama mti, na mbegu iliyomo ndani hukataa kuota hata ikilowekwa, hivyo mfanyakazi wa kitalu hulipasua kokwa kwa kisu na nyundo akifuata mstari wake, huitoa mbegu bila kuivunja, huikata ncha, huiloweka usiku kucha, kisha huchanja ganda lake jembamba kwa wembe, kwa mkono mwepesi sana, kwa maana wembe ukizama kidogo tu hukijeruhi kiinitete, yaani mmea mchanga uliolala ndani, na mbegu huoza kwa ukungu. Mwaka 2012 Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI) na shirika la Japani la JICA zilianza mradi wa kuchagua mikau iliyonyooka na kukua upesi, na vikonyo vyake vikaunganishwa na miche na kupandwa Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni, katika mashamba ya kuzalisha mbegu bora.

Hata hivyo shamba la mukau mtupu si msitu, na ni makosa kuliita hivyo. Maua yake huwafaa nyuki, na matunda yake huliwa na twiga na tandala, lakini hayo ni ya msimu. Mizizi yake nayo husambaa karibu na uso wa ardhi na kuyanyang'anya maji mahindi na kunde, kwa hiyo unafaa zaidi mpakani mwa shamba kuliko katikati ya mimea, na udongo mweusi unaotuamisha maji haufai kabisa. Penye kokoto hapana budi kuupa nafasi muuku, mti mwingine wa kienyeji, ambao nguzo zake hudumu ardhini. Mulaa, yaani mgunga wenye maganda yaliyojisokota, huyaangusha maganda hayo wakati wa ukame, na swala na mbuzi huyaokota chini. Lakini kwa kuwa tembo nao huyapenda, mashamba ya Kibwezi na Mutomo yaliyo jirani na Tsavo yanapaswa kuupanda mbali na nyumba na ghala. Kando ya mito ya msimu mahali ni pa mkuyu, ambao mbao zake ni duni na thamani yake haipimwi kwa mbao: kwa kuwa mikuyu haizai kwa wakati mmoja, ninga, hondohondo na popo hupata tini mahali fulani karibu mwaka mzima.

Aidha, hatua ya kwanza ya kupata mukau haihitaji kitalu. Mbuzi wanaokula matunda ya mukau huyaacha makokwa zizini, na ndiko wakulima walikoyaokota tangu zamani. Mche uliojiotea kwenye zizi lililohamwa, au uliochipuka kutoka mzizi uliokatwa na jembe, tayari umeizoea ardhi hiyo, na unachohitaji ni kuzungushiwa matawi ya miiba ya mulaa ili mbuzi wasiufikie, na kuondolewa machipukizi ya pembeni kwa vidole yangali laini, ili shina lipande moja kwa moja.